Muulize Sista: Nina miaka 42, na bado nataka mtoto

Mwezi uliopita nilimjibu mama mmoja wa miaka 39 mistari mitatu tu kuhusu kutafuta mtoto, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Wengi walioandika wako 40 kwenda juu, na karibu wote wanaanza na "Sista usinicheke". Nani anacheka? Nimefanya kazi leba miaka mingi, nimeona kila umri pale kitandani. Leo gazeti limenipa ukurasa mzima, basi tuzichukue mojamoja, ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo imebeba za wengi.

*Sista habari. Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Kisumu, nina miaka 42. Nina msichana mmoja wa miaka 15, babake tuliachana kitambo. Mwaka jana niliolewa tena, bwanangu alifiwa na mkewe, ana watoto wawili wakubwa, na tungependa tupate wetu hata kama ni mmoja tu. Nilikuwa kwa Depo, ile sindano ya kupanga uzazi, miaka mingi sana, ya mwisho ilikuwa Januari. Mwezi ulirudi miezi minne iliyopita na unakuja kila siku 26. Yeye anafanya kazi Naivasha, anakuja kila wikendi ya pili. Nilienda kliniki nikaambiwa nitulie, nijaribu mwaka mzima kwanza ndio nirudi. Mama mkwe naye kila nikiingia boma macho yake yanaanzia kwa tumbo. Niambie ukweli, nimechelewa?*
*Mwalimu, Nyalenda*

Mwalimu, hujachelewa, lakini huna mwezi wa kupoteza, na huyo aliyekuambia ungoje mwaka mzima amekupa sheria ya watu wengine. Mwaka mmoja ni wa msichana ambaye hajafika 35. Ukipita 35 unajaribu miezi sita. Ukifika 40 unaenda kupimwa sasa hivi, wiki ile ile mmekaa mkaamua mnataka mtoto, hata kama hamjajaribu sana.

Hiyo "tulia" naijua vizuri kwa sababu hata mimi niliambiwa. Nilikuwa na miaka 39, nazalisha wenzangu usiku kucha alafu asubuhi napanda boda kwenda nyumbani leso nimeivuta mpaka usoni mtu asione nalia. Daktari mmoja, sitasema ni wa wapi, akaniambia sista wewe ni stresi tu, kunywa maji, pumzika. Nikapumzika miezi 14. Siku nilipopigwa eksirei ya mirija, mmoja ulikuwa umeziba kabisa na mwingine unapitisha kidogo kidogo, na mimi tayari nimeingia 41. Nilishika mimba moja baada ya hapo, ikatoka wiki ya tisa. Mtoto wangu ni yule mmoja niliyempata nikiwa 27. Nampenda, sina ubaya na maisha yangu, lakini hiyo miezi 14 mpaka leo naidai.

Sasa hesabu yenyewe, wewe ni mwalimu hutaogopa nambari. Mwanamke hatengenezi mayai mapya, anazaliwa nayo yote, kama milioni moja mpaka mbili hivi. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne, akifika 37 hivi yako karibu elfu 25, na mwezi ukikoma kabisa amebaki na kama elfu moja. Ni ghala ambalo halina msimu mwingine wa kujaza, na kila mwezi mwili unatoa gorogoro nzima ndio upate punje moja ya kupanda, zile zingine zinapotea hivyo hivyo, uwe umezaa au hujazaa, uwe ulikuwa kwa Depo au hukuwa. Alafu hata zile zimebaki zimekaa ghalani miaka 42, nyingi zimeingiliwa, kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba urithi, hazigawanyiki sawa, na hiyo ndiyo sababu mimba nyingi za umri wetu hazishiki au zinatoka mapema. Mwanamke wa miaka 30 kila mwezi ana kama nafasi 20 kati ya 100, akifika 40 zinakuwa chini ya 5. Na kati ya 40 na 44, karibu mimba moja kwa kila tatu inatoka. Sikuandikii haya nikuvunje moyo, tano kwa mia si sufuri, nimepokea watoto wa kina mama wa 43 kwa hii mikono. Nakuandikia ndio ujue kwa nini nakuharakisha.

Depo haijakuharibu. Hiyo sindano inatoka mwilini polepole, kwa wastani inachukua kama miezi 10 tangu ile ya mwisho kabla mtu ashike mimba, wengine zaidi. Wewe mwezi umerudi na una mpangilio, hiyo ni habari njema.

Shida ninayoiona kwa barua yako, na pengine wewe hujaiona, ni hiyo wikendi ya pili. Chukua kalenda, ile ya haduwea iliyo kwa ukuta wa jikoni inatosha, na kalamu nyekundu. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1. Kila mtu anasema siku ya 14, lakini hiyo 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai linatoka kama wiki mbili kabla ya mwezi *unaofuata*, kwa hivyo wewe wa 26 ni kama siku ya 12, na ni kawaida sana mzunguko kufupika tukiingia hii miaka. Yai likitoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu. Mbegu za mwanaume ndizo zinaweza kungoja ndani hadi siku 5. Kwa hivyo kama mwezi ulianza tarehe 3, siku zako ni kuanzia tarehe 9 mpaka 14, weka na 15 ya kujihakikishia, na mkutane kila baada ya siku moja. Bwana akifika tarehe 17 na mkate na ndizi amekuja kusalimia tu. Aombe ruhusa, abadilishane shifti, ama wewe Ijumaa ukifunga shule upande matatu uende Naivasha, kwani barabara ni ya kwake peke yake?

Alafu vipimo. Usikubali kuanza na dawa kabla ya vipimo. Siku ya 2 au ya 3 ya hedhi unatolewa damu ya kupima FSH, homoni inayosukuma mayai yakomae, na ile ya homoni ya AMH unaweza kutolewa siku yoyote, pamoja na homoni za thairodi na prolaktini. Ujue AMH inaonyesha mayai yamebaki kiasi gani, haionyeshi yako sawa namna gani, kwa hivyo ikiwa chini usilie hapo kwa benchi. Unafanyiwa skani ya ndani. Na mirija, hii usiiache, hata kama ulishazaa. Watu wanadhani aliyezaa mara moja njia iko wazi milele, lakini ugonjwa wa zinaa wa zamani ambao hata hukuusikia, klamidia haswa, unaweza kuacha makovu yakaziba mirija kimyakimya. Hiyo eksirei inafanywa damu ikishaisha na kabla yai halijatoka, inauma kama mwezi mbaya kwa dakika chache, omba dawa ya maumivu mapema.

Wakikuambia una fibroidi, ule uvimbe wa kizazi, usikimbie kwa kisu. Sisi wanawake weusi wengi wetu tunazo tukifika hii miaka. Uliza swali moja: iko wapi? Iliyo ndani pale mtoto anakaa inasumbua mimba, hiyo mnaizungumzia. Iliyo nje ya kizazi mara nyingi unaweza kuiacha, kwa sababu ukipasuliwa utaambiwa ungoje miezi kadhaa upone kabla ya kujaribu, na sisi tumeshasema miezi ndiyo hatuna.

Daktari wa kina mama unampata hapo hospitali ya Jaramogi, ile wengi wetu bado tunaiita Russia. Anza foliki asidi ya maikrogramu 400 kila siku kuanzia leo, usingoje mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto unafungika kabla hata hujajua uko na mimba. Pimwa presha na sukari, pimeni HIV wote wawili. Na siku ya kwanza ya kliniki uende na bwana, apimwe pia, si baadaye ikishindikana.

Mama mkwe mwachie mwanawe, hiyo ni kazi yake.

*Sista, mimi ni dereva wa matatu, Nakuru–Kisumu, nina miaka 47. Bibi yangu ana 41, tuko mwaka na nusu na hakuna kitu. Amepimwa yote wakasema ako sawa, sasa daktari anataka mimi nipeleke maji ya kiume maabara. Sista mimi niko na watoto wawili na mama mwingine, wa mwisho alizaliwa 2009. Shida si mimi. Isitoshe kuna sindano ya nguvu nadungwa kwa chemisti fulani, stamina iko juu sana siku hizi. Kwani ni lazima nipimwe?*
*Dereva, Lanet*

Ndugu yangu, gari ambayo ilipita inspeksheni 2009, ukisimamishwa Salgaa leo utamwonyesha polisi hiyo karatasi?

Ni lazima. Kwa karibu nusu ya nyumba zinazotafuta mtoto, mwanaume ana sehemu yake kwa shida, ama peke yake ama pamoja na mke. Na kipimo chako ndicho rahisi kuliko vyote, bibi yako ameshatolewa damu, ameingiziwa mpira, amepigwa eksirei, wewe unaulizwa kichupa tu.

Lakini mimi nimeshtushwa na hiyo sindano. Nenda uangalie jina lake. Kama ni testosteroni, basi hiyo ndiyo inaweza kuwa inawafungia. Ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje unaambia korodani zipumzike, na zinapumzika kweli, mbegu zinashuka mpaka wengine wanafika sufuri kabisa huku stamina iko juu vile unasema. Hapo ndipo wanaume wengi wanadanganyika, nguvu ya kitandani na mbegu si kitu kimoja. Mara nyingi mbegu zinarudi ukiacha, lakini zinachukua miezi, wengine mwaka na zaidi, na bibi yako ana 41. Mwambie daktari leo, usimfiche.

Sasa namna ya kupima. Kaa bila tendo siku 2 mpaka 7, isipungue isizidi. Tumia chupa ya maabara, si kondomu, ile ya kawaida ina dawa na mafuta yanayoua mbegu, na usitumie sabuni wala Vaseline. Ukitolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili wako. Isikae kwa dashibodi, isiwekwe kwa friji. Nakumbuka mzee mmoja aliingia maabara asubuhi na baridi, chupa ameifunga kwa kofia ya sufi, kofia iko ndani ya shati, shati ndani ya jaketi, amekumbatia kama amebeba kifaranga, hakutaka hata kusalimiana kwa mkono. Huyo alikuwa ameelewa maagizo.

Karatasi ikirudi, Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na kwa jumla milioni 39, alafu wanaangalia zinavyoogelea na umbo lake. Ikitoka mbaya usianguke, inarudiwa, kwa sababu hata homa kali ya miezi miwili nyuma inaweza kuziangusha. Mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hivyo sigara ukiiacha leo, pombe ukiipunguza leo, matunda yake utayaona kama miezi mitatu mbele. Na korodani zinataka baridi kidogo kuliko mwili, ndio maana Mungu aliziweka nje, kwa hivyo kule stejini unapongoja watu wajae shuka utembee.

Na hiyo miaka 47 yako pia inahesabiwa. Si kama ya mwanamke, lakini mbegu za mzee nazo zinazeeka.

*Sista kuna mama anauza lulu za kusafisha kizazi, unaweka ndani siku tatu uchafu wote unatoka. Pia niliambiwa Clomid inaleta mimba haraka, nimeipata kwa chemisti bila karatasi. Nina miaka 40. Nianze na gani?*
*Muuza nguo, Chwele*

Usianze na yoyote. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa, kila mwezi kinajisafisha chenyewe bure. Huo uchafu unaotoka ukiweka hizo lulu ni ngozi yako ya ndani imechomeka inajitetea, na bakteria wazuri wanaokulinda unawaua, unabaki na maambukizi yanayoweza kupanda mpaka kwa mirija. Nimeona mtu ameletwa na homa na usaha kwa sababu ya kitu kama hicho.

Clomid ni dawa halali lakini kazi yake ni kusukuma yai kwa mtu ambaye yai halitoki. Kama mwezi wako unakuja vizuri yai pengine linatoka, shida iko kwingine, na utameza pakiti sita huku mirija imeziba, miezi sita imeenda na pesa ya stoki imeenda nayo. Ukiitumia bila skani unaweza pia kupata uvimbe wa maji kwa ovari. Hiyo pesa ilipie vipimo vile nimemwambia Mwalimu hapo juu.

*Sista nisaidie, nina miaka 44, kifungua mimba wangu alishamaliza fom foo na wa mwisho ni mapacha, wana 17. Mwezi ulipotea nikajua basi, ni uzee umefika. Kumbe niko na wiki tisa! Bwana anafurahi mimi naogopa. Watu wanasema nitazaa mtoto mgonjwa ama nife kwa presha.*
*Mama wa Ugenya, Siaya*

Mama pongezi! Wewe ndiye mfano wa kitu ninachosema kila siku: mwezi kupotea miezi miwili si mwisho wa uzazi, mpaka ukae mwaka mzima bila damu ndio tuseme umekoma.

Kama ulishazaa mapacha ujue umri huu pia unaongeza nafasi, FSH ikipanda ovari wakati mwingine inaachilia mayai mawili, kwa hivyo kwa skani usishangae Opiyo na Odongo wakirudi raundi ya pili. Hiyo skani ya mapema uifanye wiki hii ama ijayo, ione mimba iko mahali pake na ni wangapi.

Kliniki anza sasa, usingoje tumbo lionekane vile kina mama wengi wa huku tunapenda kufanya. Kuhusu presha hawakukudanganya kabisa, kifafa cha mimba na sukari ya mimba vinaongezeka ukipita 40, na wewe una alama mbili za hatari, umri na kukaa zaidi ya miaka 10 tangu mimba ya mwisho. Muulize daktari waziwazi kama anakuanzishia aspirini ya dozi ndogo, inafaa ianze mapema, karibu wiki ya 12, na wengi wanaipewa kwa kuchelewa kwa sababu hawakuuliza. Usijianzishie mwenyewe.

Siaya ni eneo la malaria, kwa hivyo ukifika wiki ya 13 utaanza kupewa Fansidar, unaimeza mbele ya nesi, alafu tena kila baada ya mwezi au zaidi. Hapa kuna kitu wengi hawajui: foliki asidi ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya Fansidar. Ile ndogo ya maikrogramu 400, iliyo pamoja na dawa ya damu wanayokupa kliniki, haina shida. Soma pakiti, na kama mtu wa chemisti alikuuzia ya 5 mwambie nesi. Na kama unatumia Septrin kila siku Fansidar hupewi kabisa, usiogope kumwambia. Neti utapewa hapo hapo, lala ndani yake.

Mtoto mgonjwa. Ukweli ni huu, kuzaa mtoto mwenye Dauni (Down syndrome) kwa mama wa miaka 40 ni kama mmoja kati ya 100, kufika 45 ni kama mmoja kati ya 30. Geuza hiyo uisome upande wa pili: hata kwa 45, 29 kati ya 30 hawana. Kuna skani ya wiki 11 mpaka 13 na kuna kipimo cha damu ya mama kuanzia wiki ya 10, hicho cha damu ni ghali na sampuli nyingi zinasafirishwa mbali. Vyote viwili vinakuambia uwezekano tu, havikati kesi. Kama majibu hayatabadilisha kitu kwenu una haki ya kutovifanya, usilazimishwe na mtu.

Kichwa kikiuma sana, ukiona vimulimuli machoni, uso na mikono ikivimba ghafla, ama uchungu chini ya mbavu, hiyo si ya kungoja kesho asubuhi. Na panga kuzalia hospitali yenye thieta, usiniambie kuhusu nyanya wa kijiji anayejua kukanda.

*Sista, nina miaka 47, mwezi unakuja ukipenda. Sijawahi kuzaa. Mume wangu anataka tuuze nusu ekari twende Nairobi tufanyiwe ile ya mtoto wa chupa. Huko tulikopiga simu wakasema njooni, inawezekana. Tuuze? Na watu wa boma si watasema mtoto si wa damu yao?*
*Msomaji, Lurambi*

Dada yangu, bado. Kwanza tuelewane ni nini kinawezekana. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na hapa Kenya wa kwanza walizaliwa Nairobi 2006, kwa hivyo teknolojia si mpya na si uchawi. Lakini IVF, ndiyo hiyo ya mtoto wa chupa, haifufui mayai. Inayachukua yale uliyo nayo na kuyakutanisha na mbegu nje ya mwili, mayai yakiwa na miaka 47 yanabaki na miaka 47. Kwa mayai yake mwenyewe, mwanamke wa 40 mpaka 42 ana kama nafasi moja kati ya kumi kwa kila kiinitete, yaani yai lililoshika mbegu, kinachorudishwa, akifika 43 au 44 inashuka kama nusu ya hapo, na kwa umri wako iko karibu na sufuri. "Inawezekana" ya kwenye simu ni neno pana sana.

Kinachowezekana kwa umri wako ni yai la kupewa na mwanamke kijana. Hapo nafasi inafuata umri wa yai, si wako, maana kizazi hakizeeki haraka kama ovari. Unabeba mimba wewe, unazaa wewe, damu inayomlisha ni yako. Mbegu ni za mume wako. Kama moyo wako na wake unakubali hiyo, basi mazungumzo ni mengine kabisa, na kwanza mwende mkapimwe, yeye mbegu, wewe moyo, presha, sukari na kizazi, kwa sababu mimba ya 47 ni kazi nzito. Na mkifika huko ombeni kiinitete kimoja tu kirudishwe, mapacha kwa umri huo ni hatari mara mbili.

Kabla ya kuuza hata mguu mmoja wa shamba, piga simu tena uulize hivi: wanawake wa umri wangu waliotumia mayai yao wenyewe hapo kwenu, wangapi walirudi nyumbani wamebeba mtoto? Si wangapi kipimo kilisoma ndiyo. Wangapi walibeba mtoto. Raundi moja inakula malaki ya pesa, na mara nyingi moja haitoshi. Wakianza kukuzungusha, weka hati ya shamba sandukuni.

Umeuliza pia kama watu wa boma watasema mtoto si wa damu yao. Mbegu ikiwa ya mume wako, hawana pa kuanzia. Kuwaambia ama kutowaambia ni siri ya chumba chenu, mimi nisingesema, lakini huyo ni mimi. Kama unahisi uko peke yako, Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North, amesimama mbele ya watu akaeleza safari yake mwenyewe ya kutafuta mtoto, na ndiye aliyepeleka bungeni mswada wa 2022 wa teknolojia ya kusaidia uzazi. Mimi nilipomsikia nilizima jiko nikakaa chini.

Za harakaharaka, nafasi imebaki kidogo.

*P2 nilizomeza nikiwa chuo ndizo zimeniharibu?* (Miaka 41, Bungoma.) Hapana. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inafanya kazi mwezi ule ule, haikai mwilini miaka 20 ikikungoja.

*Mate ni sawa kama pako pakavu?* (Hakusema ni wa wapi.) Mate yanazubaisha mbegu, na mafuta mengi ya dukani pia. Chukueni muda zaidi ama ulizeni kwa famasia yale yasiyodhuru mbegu.

*Baada ya tendo nainua miguu kwa ukuta nusu saa mpaka inakufa ganzi. Inasaidia?* (Miaka 43, Kondele.) Mbegu zinazojua njia zimeshaingia mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na hayo yanayomwagika ukisimama ni maji ya kawaida, hayajabeba mtoto wako. Teremsha miguu ulale.